Tumpale na Mwenye Hoteli

Bwana Kombo, mwenye hoteli kubwa kuliko zote kisiwani, alimkuta binti akisimika hema ufukweni. Alikuwa Tumpale wa Tukuyu, aliyezunguka visiwa peke yake na begi moja la mgongoni.

"Ng'oa," alisema Bwana Kombo. "Hapa wanalala wageni wa hoteli yangu tu."

"Mvua inakuja, baba, na sina pa kulala."

"Nenda popote. Ila usisogelee hoteli yangu wala nyumba yetu."

"Nyumba yenu ni ipi, nisije nikakosea njia?"

"Ile ya mlango wa kijani. Yumo mama yangu peke yake, hataki usumbufu."

Tumpale alishukuru, akakunja hema akaenda zake. Bwana Kombo alifurahi kumpata binti msikivu namna ile.

Jioni alipokwenda kumwamkia mama yake, alikuta ndoo tatu za maji zimejaa mlangoni. Ndani, Tumpale alikuwa mkekani akichambua mchele, shavu moja limejaa mkate wa kumimina.

"Mtoto huyu kapiga hodi, kaniamkia, kanitekea maji," alisema mama. "Wewe mwezi mzima hujanitekea hata kopo. Nimemwambia akae mpaka achoke mwenyewe. Kalete godoro hotelini, lile nene."

Bwana Kombo alimtazama mama yake. Akageuka kwenda.

"Na chandarua, baba," alisema Tumpale kwa adabu.

"Na feni," aliongeza mama.