Kitabu Chini ya Sari

Wahenga hawakumumunya maneno. Waliposema mficha uchi hazai, walimaanisha kwamba anayeficha shida yake hata kwa wanaotaka kumsaidia hujinyima msaada kwa mikono yake mwenyewe. Jaumati Saud, mjane wa kijiji kimoja cha wilaya ya milimani ya Achham, aliujua ukweli huo kwa machungu.

Mumewe alikwenda Mumbai kulinda majumba ya watu, akarudi na virusi vya UKIMWI, naye Jaumati akaambukizwa. Mume alipofariki dunia, shemeji yake Karna alikuja kumfunga nyati wake wa kufugwa uani mwa marehemu na kudai shamba lote.

"Huyu hakuolewa," aliwaambia watu. "Kaka alimwokota tu."

Ndoa ilifungwa na kuhani bila kuandikishwa popote, na majirani waliokula wali wa harusi sasa walikuwa wamesahau harusi yenyewe. Maskini Jaumati na binti yake wangekwenda wapi? Muuguzi wa kliniki ndiye aliyemkutanisha na Prashansa na Nirajan, wanafunzi wa sheria waliozisaidia bure familia kama yake, wakiongozwa na mwalimu wao aliyekuwa wakili.

Siku moja kabla ya kesi, vijana hao walikuwa wameketi barazani kwake.

"Dada, hakuna karatasi yoyote yenye majina yenu wawili?" Prashansa aliuliza kwa mara ya tatu.

"Hakuna."

"Hata ya hospitali?"

Jaumati aliinamisha uso. Kitabu cha dawa za virusi cha mumewe kilikuwa sandukuni, chini ya sari ya harusi. Shuleni kwa binti yake, mtoto mmoja alikalishwa peke yake baada ya siri ya ugonjwa wa mamaye kuvuja, na Jaumati alikuwa radhi kufa kuliko binti yake kuonja uchungu ule.

Nirajan alifunga jalada. "Basi kesho tunakwenda mikono mitupu, dada. Shamba linakwenda hivihivi."

"Nikiwa nacho kitabu, si mahakama nzima itakisoma?" Jaumati alinong'ona.

"Tutaomba kesi isikilizwe faraghani," Prashansa alijibu. "Hata jina lako litafichwa."

"Na Karna mtamziba mdomo?"

"Yule ana mabinti wawili wa kuozesha," alisema Nirajan. "Ugonjwa huu hatautaja hata usingizini."

Jaumati alicheka huku machozi yakimtiririka, kisha akaingia ndani. Kitabu kilipofunguliwa, ukurasa wa kwanza ulisema: *Mke wa mgonjwa, Jaumati Saud.* Chini yake palikuwa na sahihi ya aliyethibitisha, Karna Saud, ndugu.

Nirajan alishika kichwa. "Dada, umelalia dhahabu na sisi tunachimba mawe!"

Kesho yake, mlango wa mahakama ukiwa umefungwa, hakimu alimwonyesha Karna ukurasa ule.

"Sahihi ya nani hii?"

"Yangu, mheshimiwa. Niliandika tu ili mgonjwa apokelewe."

"Uliandika mke. Mke wa nani?"

Karna alikodolea macho vidole vyake vya miguu. Shamba likaamuliwa kuwa la mjane na binti yake.

Nje, Jaumati alimshika Prashansa mkono. "Miezi minane nimewahangaisha, mdogo wangu."

"Umejihangaisha wewe, dada," Prashansa alisema kwa upole.

Naye Jaumati hakubisha, kwa maana kweli mficha uchi hazai.