Kioo cha Pimbi Kilichosimama Kichwa Chini

Nipeni sikio!
— Chukua yote mawili!
Nikileta uongo?
— Uwe mtamu!
Nikileta kweli?
— Isiwe ndefu!

Basi kaeni vizuri, nianze na jambo lililonishinda. Huko Kilima cha Majabali, ndani ya pango la karani, kuna kompyuta ambayo maandishi yake yako kichwa chini. Popo anasema kioo kiligeuzwa kwa ajili yake. Kobe anasema kiligeuzwa kwa ajili ya Kiboko. Karani mwenyewe, Pimbi, ukimuuliza anacheka na kukuuliza habari za nyumbani. Nimelifikiria miaka mingi, jibu sijalipata. Nitawapa yaliyotokea, mwamue wenyewe.

Kulikuwa na kiangazi kikali. Mito yote ilikauka, likabaki bwawa la Kiboko, ambalo hakumruhusu mtu, na chemchemi moja ya wote. Hapo walikunywa wala majani, na hapo hapo walikunywa wanaowala wala majani. Ndiyo maana kukawa na zamu: Digidigi alfajiri, Chui adhuhuri, kila mmoja na saa yake. Kila Alhamisi Pimbi aliziandika kwenye kompyuta, printa ikalia krr-krr-krr, karatasi ikabandikwa jabalini. Wiki moja tu karatasi ilichelewa, na wiki hiyo Swala wawili hawakurudi nyumbani.

Sasa, kompyuta bila mfumo ni sanduku tu. Mfumo ndio unaoiamsha na kuifanya itii amri, na mfumo wa pale ulikuwa wa Kiboko. Kila mwezi apelekewe mzigo wa miwa, la sivyo anaufunga. Ukiwasha, kitu cha kwanza kwenye kioo ni picha ya mdomo wake, wazi, meno yote nje. Ukiwa katikati ya kazi, mfumo unasimama na kuandika: "Ngoja, Kiboko anapumzika."

Jumatano moja Pimbi akawasha. Mdomo ukatokea, na chini yake maneno: "Miwa imekwisha. Sasa nataka chemchemi." Akabonyeza hapa: mdomo. Akabonyeza pale: mdomo. Akazima, akawasha: mdomo.

Digidigi akachungulia mlangoni. "Kaka Pimbi, zamu yangu ya Ijumaa iko palepale? Mtoto ana siku nne, hata kukimbia hajajua."

"Iko palepale, dada," Pimbi akajibu.

Alipoondoka, Pimbi akashika njia kwenda kwa Mchwa. Mchwa hujenga kwa wingi wao, wala huwezi kumnyooshea mmoja kidole ukasema kichuguu hiki ni chake.

"Hodi, wenye kujenga!"

"Karibu, mwenye kuandika!"

"Nasikia mna mfumo wa kompyuta. Bei gani?"

"Bure."

Pimbi akatazama chini, akatazama nyuma. "Shimo liko wapi?"

"Shimo gani?"

"La kunitumbukiza."

Mchwa wakacheka, chwa-chwa-chwa. "Chukua, fungua, chokonoa, badili upendavyo, mpe na mwenzako. Sharti ni moja: ulichofunguliwa wewe, usimfungie mwingine."

"Nipeni basi."

"Upi?"

"Kwani iko mingapi?"

"Vichuguu mia tatu, kila kichuguu na wake."

Kelele zikaanza. "Chukua wetu, ndio mzuri!" "Wetu mzuri zaidi!" "Anayetumia wa wale pale, mwombeeni!" Pimbi akasikiliza mpaka jua likapinda. Hakuona mwongo hata mmoja. Kila mmoja alisifu nyumba aliyoijenga kwa mate yake. Lakini Ijumaa ilikuwa inakuja.

"Jamani," akasema, "nina kompyuta kuukuu, sina ufundi, na kuna mtoto wa Digidigi ana siku nne. Nipeni wa hivyo."

Vichuguu mia tatu vikaacha kujisifu. Kisha vitatu vikamnyooshea flashi, kila kimoja ya kwake.

"Mfumo hukaa humu ndani ya flashi," wakamwambia. "Ichomeke uujaribu. Usipoupenda, chomoa, hakuna kitakachokuwa kimeguswa."

Alhamisi asubuhi Pimbi akachomeka flashi ya kwanza. Mapambo! Milima ikapepea, mawingu yakatembea, na kompyuta ikaguna ngrrrr, ikapata moto kama chungu jikoni. Akachomoa. Akachomeka ya pili. Ikamuuliza maswali arobaini, na hata la kwanza hakulijua. Akachomoa. Akachomeka ya tatu. Tii! Kioo cheupe, kimya, hakina mdomo. Na mle ndani, kwenye diski ya siku zote, faili lake la zamu. Zima, halijaguswa! Kiboko hakuwa ameyala majina. Alikuwa amesimama mlangoni tu. Pimbi akashusha pumzi hata vumbi la kibodi likaruka.

Akauweka mfumo ule ukae ndani ya kompyuta moja kwa moja, kisha akaanza kuupanga.

"Karani," akasema Kobe, tarishi wa pale, "hizi herufi ni za sisimizi. Zikuze." Pimbi akazikuza.

"Na mimi?" akasema Popo, karani msaidizi, akining'inia darini. "Miaka yote nasoma huku nimepinda shingo. Nigeuzie kioo."

"Ngoja zamu yako ifike," Pimbi akasema.

Pu! Pu! Pu! Kichwa cha Kiboko kikajaa mlangoni.

"We Pimbi! Mdomo wangu uko wapi?"

"Usoni mwako, mzee."

"Wa kwenye kioo!"

"Ah, huo. Tumepata mfumo wa Mchwa, mzee. Ni wa yeyote anayeutaka."

"Basi nautaka mimi. Wote!"

Pimbi akaikumbatia ile flashi. "Chukua kila kitu, mzee, hata kiti. Ila hii usiimeze. Chonde! Ukiimeza tumekwisha!"

Kiboko hakuwahi kuambiwa usimeze akakubali. Kwabu! "Sasa uko kwangu peke yangu. Nawasubiri bwawani mniletee chemchemi."

Popo akalia. Kobe akalia. Pimbi akalia kuliko wote, mpaka vishindo vikapotea. Kisha wakafuta macho. Krr-krr-krr.

Ijumaa alfajiri Digidigi akanywa taratibu, mtoto akalamba maji ubavuni pake. Chui akaja adhuhuri, akasoma karatasi, akanusa nyayo ndogo zilizokauka, akanywa akaenda zake.

Kiboko akasubiri Ijumaa. Akasubiri Jumamosi. Akasubiri hadi Alhamisi nyingine, na alasiri akasikia kwa mbali: krr-krr-krr.

Pu! Pu! Pu! Pimbi alisikia vishindo vikija, na kweli ndiyo saa aliyokuwa akimwachia Popo kazi. Akabonyeza mara moja tu, akasogea pembeni.

"Mnatumia nini?" Kiboko akafoka.

"Ule ule, mzee."

"Umo tumboni mwangu!"

"Ndiyo, mzee. Na humu umo."

Kiboko akasukuma kichwa ndani atazame. Akaona herufi kubwa, zote miguu juu. Akainua macho. Popo akamkodolea.

"Mzee," Popo akasema, "mbona umesimama kichwa chini?"

"Mimi?"

"Kwani mimi?"

Kiboko akatazama kioo. Kioo na Popo walikubaliana. Akamgeukia karani. "Pimbi, nimepinduka?"

Pimbi akamkagua macho kama mganga. "Mfumo ule ulijengwa kukaa na wengi, mzee. Ukifungiwa kwa mmoja hutafuta pa kutokea, unamgeuzageuza mwenyewe."

"Dawa yake?"

"Maji. Shinda bwawani kutwa, pua tu nje. Utoke usiku kula majani. Na karatasi za zamu usizisogelee, zinazidisha kizunguzungu."

Kiboko akarudi kinyumenyume, akiipapasa ardhi kwa kila mguu, kama mtu anayeogopa kuangukia mbinguni. Mpaka leo anaifuata dawa hiyo.

Funzo? Funzo ni hili: ukipata kitu kizuri, kimeze upesi, usimgawie mtu. Kiboko alimeza, na sasa anashinda majini bila kazi. Pimbi aligawa, na kila Alhamisi yuko kwenye kibodi anaumwa mgongo.

Haya, shikeni masikio yenu.
— Hatuyataki! Kiboko alipona?

Mna huruma ninyi. Sikilizeni basi. Wanyama walikaa kikao. Wengine walisema aachwe na kizunguzungu chake. Digidigi akakumbusha sharti la Mchwa, kwamba ulichofunguliwa usimfungie mwingine. Ikaamuliwa Kiboko apelekewe flashi nyingine, na kioo cha karani kibaki kichwa chini, kwa heshima ya Popo. Flashi aliipeleka Kobe. Alifika masika, chemchemi imejaa na zamu hakuna anayezihitaji. Kiboko akaipokea kwa mikono miwili, akawasha kompyuta yake, na kitu cha kwanza alichoweka kwenye kioo ni picha ya mdomo wake. Kobe alimsaidia kuikuza.