Turubai Kwenye Shimo la Lifti

Mkuu asiyesikia huvunja guu la mwenziwe.

Mmeisikia leo kwa mama muuza kokoto, mkacheka, mkasema kaipindua methali ya wazee. Acheni kucheka. Haikupinduka kwa bahati mbaya. Ilipinduliwa kwa makusudi, na aliyeipindua alikuwa na nyundo mkononi. Methali hii ilianza hivi.

Palikuwa na jengo la ghorofa saba likijengwa mjini Dodoma. Seremala wake aliitwa Semeni, mwanamke wa makamo, mkali kama msumeno uliotoka kunolewa. Nyapara alikuwa Mzee Ndahani, na mzee huyo alikuwa na jibu moja kwa maswali yote: "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu." Aliwajibu hivyo waliouliza misumari, akawajibu hivyo hata waliouliza kama mvua itanyesha.

Katikati ya jengo palikuwa na shimo la lifti, tupu kutoka juu hadi chini, lenye uwazi wa mlango kila ghorofa. Semeni aliziba nafasi hizo kwa mbao na misumari. Lakini kila siku ya kumwaga zege, mbao zilipopungua, mafundi walikwenda kung'oa zilezile. "Tunaazima tu, Bi Semeni. Jioni tunarudisha." Jioni ilifika, wao wakaenda zao, naye akazirudisha mwenyewe huku akinung'unika kama mama aliyezaa viziwi watupu.

Asubuhi moja alikuta uwazi wa ghorofa ya tatu hauna hata ubao.

"Mzee Ndahani, mbao za shimo ziko wapi?"

"Ziko kazini. Gari la zege liko njiani, na mwenye jengo anakuja kutembelea. Tundika turubai hapo asione uwazi."

"Turubai linazuia macho, mzee, halizuii mtu. Na humu ndani kila palipo na turubai watu wanajua ni chumba cha kubadilishia nguo. Mtu ataingia."

"Nani huyo? Kipofu?"

"Mwenye haraka."

"Wewe, shimo hili limekuoa? Na lile jukwaa lako la ndani ya shimo, pale ghorofa ya pili, livunje. Mbao zake nazihitaji."

"Lile sivunji. Kitu kikianguka, ndilo litakalokizuia kisifike chini."

"Semeni! Asiyesikia la mkuu..."

"Huvunjika guu. Nimeisikia mpaka masikio yameota sugu."

Mafundi wakacheka. Honi ikalia getini, Ndahani akashuka mbio kumpokea mwenye jengo, na jukwaa likasalimika. Turubai likatundikwa na mwingine.

Sasa, fundi bomba wa jengo lile aliitwa Kapinga, kijana wa maneno mengi, na siku hiyo alikuwa anapeleka posa. Alipanda ngazi na shati jeupe begani. "Nikifika na tope hili," aliwaambia wenzake, "shangazi zake watasema wameletewa ngiri." Kufika ghorofa ya tatu, akaliona turubai.

"Hodi humo ndani!"

Semeni aliisikia hodi ile akiwa upande wa pili wa ghorofa. Akatupa msumeno chini. "Kapinga, usiingie!"

Lakini sauti haikumfikia; kwake hodi isiyojibiwa ni chumba kitupu, na Kapinga alikuwa na haraka. Kikasikika kishindo. Semeni alipochungulia alimwona amelala juu ya lile jukwaa, shati jeupe limemfunika uso, mguu mmoja umepinda mahali ambapo mguu haupindi.

"Bi Semeni," sauti ikatoka chini ya shati, ikitetemeka, "chumba chenu hiki hakina sakafu."

Walimtoa kwa kamba na ubao, akapelekwa hospitali. Gari la zege lilikuwa linazungusha tumbo lake barabarani. Ndahani akajifuta jasho. "Yu hai, tumshukuru Mungu. Rudisheni turubai, tumwage."

Semeni alipanda juu na nyundo yake, akaanza kubandua mbao zilizokuwa zikingoja zege, akazishusha kwa mabega, akazipigilia kwenye uwazi wa shimo. Hakuna aliyemzuia, na wawili wakamsaidia kubeba. Zege halingojei mtu, na bila mbao zile hapakuwa na pa kulimwaga. Gari likageuza, likaondoka na mzigo wake, mwenye jengo akitazama.

Ndahani akamjia akihema. "Umenivunjia heshima mbele ya tajiri! Omba radhi sasa hivi, mbele yake, au chukua mfuko wako uondoke."

Semeni akamaliza msumari uliokuwa mkononi, kisha akageuka.

"Mzee, mimi ndiye niliyekataa kukusikia, na miguu yangu miwili hii hapa, mizima. Kapinga hakumkaidi mtu. Alipiga hodi kama mtu aliyelelewa, na leo badala ya posa anafungwa bandeji. Basi methali yako uiseme vizuri: mkuu asiyesikia huvunja guu la mwenziwe."

"Nimesema uombe radhi!"

"Siombi. Leo siombi, na kesho usimtume mtu kuja kuniuliza."