Sauti Ambayo Daktari Mawingu Hakuitambua

Wahenga walinena kwamba penye miti hapana wajenzi. Kitu huweza kujaa mahali, na wenyeji wa hapo wasifaidi hata chembe. Anayebisha na aulize nyumbani kwa Daktari Mawingu.

Jina hilo alibandikwa na wagonjwa wake, kwa kuwa zaidi ya nusu ya umri wake aliutumia kuchunguza huzuni inayowavamia watu kila masika, jua linapojificha. Ndugu waliomleta mgonjwa huku wakimwita mvivu walipewa vidonge vyao kabla mgonjwa hajapewa vyake.

Asubuhi moja yeye na wenzake walikaa katika chumba cha mikutano kusikiliza mahojiano yaliyorekodiwa kwenye kliniki ya ng'ambo ya mji. Majina ya wagonjwa yalikuwa yamefichwa. Ikasikika sauti ya msichana, nzito na ya polepole.

"Mvua zikianza, hata kuoga kunanishinda. Nyumbani sisemi. Baba ataona najidekeza."

"Baba wa hivyo naye alazwe," alisema Daktari Mawingu, na wenzake wakacheka.

"Huwa ananivua blanketi," sauti iliendelea. "Ananiambia, 'Amka, mama, uvivu nyumba ya njaa. Wako wanaoumwa kweli.'"

Kicheko kikamkauka mdomoni. Maneno yale yalikuwa yake, neno kwa neno, na msichana yule alikuwa kitindamimba wake. Aliona haya mpaka masikio yakamwaka moto. Kilichomchoma zaidi ni kwamba aliisikia sauti ya mwanawe asiijue. Hata kukiri hakuweza, maana angeianika siri ya binti mbele ya watu. Akainamisha kichwa kama mwizi aliyefumaniwa.

Mchana huo alirudi nyumbani, akaketi kando ya kitanda cha binti yake.

"Mama, leo kazini nimesikia mahojiano yako ya kliniki. Unaumwa, na mimi nakuita mvivu. Nimekukosea sana. Niruhusu nikutibu."

Binti alijiinua, akaketi.

"Nimekusamehe, baba. Ila matibabu, niache niendelee kule kule. Kule wananisikiliza."

Daktari alikubali. Safari iliyofuata alimsindikiza, akabaki nje kwenye benchi la ndugu wa wagonjwa, macho chini, akiomba asipite mtu anayemfahamu. Bingwa mzima, na mwanawe anatafutiwa nafuu kwa watu wengine. Ama kweli, penye miti hapana wajenzi.