Punda Aliyesafisha Kiini cha Mtambo

Kisa hiki kimepita simu nyingi kabla ya kukufikia wewe. Kila kilipopita kilitiwa chumvi, na kwangu kimetiwa na pilipili. Kisome mpaka mwisho, ucheke, halafu mpelekee fundi yeyote unayemjua. Kama hakucheka, basi ujue ni yeye anayesemwa.

Palikuwa na mji uitwao Tunduwi. Mji wenyewe ulikuwa na mtambo mmoja tu, lakini mtambo! Mkubwa hata paka akiingia kwa mlango wa mbele, akitokea wa nyuma ameshakuwa bibi. Mtambo ule ndio uliogonga kengele ya kuamsha watu, ukafungua maji ya bomba, ukawasha tanuri za mikate ya mofa. Watu wa Tunduwi wenyewe kazi yao ilikuwa kula tu na kusifia.

Sasa, kila mtambo una kiini. Kiini ni kama kokwa la embe: hakuna anayelila, lakini bila kokwa hakuna embe. Humo ndimo zilimoandikwa amri zote, mstari chini ya mstari: fanya hivi, kisha hivi, ikiwa hivi basi vile. Mafundi wa nyumba ya mtambo kazi yao ilikuwa kuzisoma amri hizo. Palipokosewa, wasahihishe. Palipojaa takataka, wafagie. Kosa walilipa jina la mdudu, ingawa halina miguu wala mabawa.

Mkuu wao aliitwa Fundi Badi. Alikuwa hodari kweli, ila alijisifu mpaka kivuli chake kikaona haya kumfuata.

"Mimi nikikooa tu mbele ya mtambo," alikuwa akisema, "wadudu wanafunga mizigo, wanaama!"

Msishangae. Kwao Badi ndivyo wanavyosema: abari, asubui, apana. Wamezaliwa hivyo, wameoana hivyo, na hakuna aliyewahi kufa kwa ajili hiyo.

Badi alikuwa na mchezo wake mmoja. Akikuta mstari mbovu ndani ya kiini, husimama juu ya kiti, akausoma kwa sauti wote wasikie, kisha akapaza sauti: "Uyu ni punda gani aliyeandika ivi?"

Mafundi hucheka. Hucheka sana, huku kila mmoja moyoni akiomba, ewe Mola, kesho asiufikie wangu.

Basi siku moja kengele ya asubuhi haikulia.

Tunduwi nzima ililala kama maiti. Walimu walifika shule wakati wa kufunga shule. Mofa zilitoka tanurini watu wakiwa wamekwisha kula ugali. Bwana harusi mmoja alikwenda na ngoma zake na tarumbeta, akamkuta mkwe wake mlangoni anapiga mswaki. Kesho yake, vilevile. Siku iliyofuata, vilevile. Majogoo peke yao ndio waliokuwa wakihangaika, lakini nani anasikiliza jogoo katika mji wenye mtambo?

Mfalme akaja mwenyewe katika nyumba ya mtambo, kanzu ameivaa nje ndani kwa usingizi.

"Badi, kengele yangu iko wapi?"

"Imo, Mfalme wangu. Imenyamaza tu."

"Hata marehemu babu yangu yumo, amenyamaza tu! Sikiliza. Sikukuu ya Mwaka inabisha hodi, na nimealika wageni wa miji yote. Kengele isipolia alfajiri ya sikukuu, tanuri hazitawaka mapema. Zikichelewa kuwaka, hakuna mikate ya wageni. Wageni watarudi makwao na njaa, tena na maneno. Ikiwa hivyo, mtambo huu nitauzima na kuuzika, turudi kwenye ndoo na koroboi, na ninyi mafundi wote nitawagawia majembe."

Mafundi wakatazamana viganja. Viganja laini kama vya watoto wachanga.

Badi akapiga kifua. "Mfalme, lala unono! Nitampata mdudu. Tena nitampata na punda aliyemtia. Naapa mbele yako, mtu uyo nitampandisha juu ya punda mwenzake, uso umeelekea mkia, azungushwe mji mzima acheke kila mwenye meno!"

Mfalme akacheka mpaka usingizi ukamtoka. "Umeapa, nami nimesikia." Jioni ile ile akaletwa punda mweupe, mnene, mpole, akafungwa mlangoni pa nyumba ya mtambo. Punda akawa anawatazama mafundi wakiingia na kutoka, anatafuna taratibu, kama hakimu anayesubiri kesi yake.

Kazi ikaanza. Walifagia kiini kuliko kinavyofagiwa kibanda cha harusi. Badi alipita kila mstari, akanusa kila amri. Mdudu haonekani.

Akabaki na kipande kimoja, kile cha kengele. Kilikuwa kipande cha siku nyingi, kiliandikwa kikawekwa kiwe akiba. Kipande cha zamani kilipostaafishwa, hiki kikaamshwa kishike kazi, na ndipo kengele iliponyamaza. Nani alikiandika? Hakuna aliyekumbuka. Siku hizo mafundi hawakuwa na desturi ya kutia majina.

Badi alikisoma mpaka macho yakataka kulia. Akamwita Mwatime, fundi mwenzake, mwanamke mwenye macho makali na ulimi uliokaa karibu nayo.

"Dada, njoo unisaidie. Mimi nasoma, wewe tazama. Mstari wa juu: *jua likitoka, andika asubui.* Wa chini: *ikiwa asubui, gonga kengele.* Kosa liko wapi apo?"

Mwatime akainama, akatazama. Akatazama tena. Akauma mdomo.

"Kaka Badi, huo wa chini hebu usome tena."

"Ikiwa asubui."

"Asubuhi."

"Ndiyo, asubui."

"Ina he, kaka."

"Si imo?"

"Juu imo. Chini haimo."

Badi akasogeza uso mpaka pua ikagusa kioo cha mtambo. Kweli. Juu palikuwa na *asubuhi*, na chini palikuwa na *asubui*. Sikio la mtu haliyatofautishi sana, hasa sikio la kwao Badi. Lakini mtambo hauna masikio, una macho tu. Kwake yeye hayo yalikuwa mambo mawili yasiyojuana hata kwa salamu. Kila siku asubuhi ilifika vizuri kabisa, na kengele ikaendelea kukaa macho ikiingoja asubui, ndugu yake asubuhi asiyekuwapo duniani.

Na katika nyumba nzima ya mtambo, tangu ilipojengwa, ni mtu mmoja tu ambaye angeliandika neno hilo hivyo.

Jasho lilimtoka Badi kama anayetwanga. Nje, punda akalia.

"Tuko wawili tu hapa," Mwatime akanong'ona. "Itie he yako, ufunge. Mimi sikuona kitu, na punda hajui kusoma."

Badi akaitia. Na ukweli usemwe, hakutamka neno.

Kesho yake alfajiri, kengele ikalia ngoo, ngoo, ngoo! Tunduwi ikaruka kitandani. Vigelegele mtaa hadi mtaa. Mfalme akatoka barazani anacheza kiuno, amesahau hata kwamba yeye ni Mfalme.

Furaha ile haikufika chai. Bomba zote zikakauka.

Badi akakimbilia kiini. Akaona kuna amri, iliyoamshwa pamoja na kipande kile cha kengele, inayosema kengele ikilia, maji yafungwe kwanza matangi yajae, kisha yafunguliwe. Kengele ilipokuwa bubu, amri hiyo ililala. Sasa imeamka, imefunga maji, na haifungui. Bila maji unga haukandwi, na sikukuu ilikuwa imebaki kuchwa na kucha.

Akawakusanya mafundi wote.

"Aya jamani, kipande cha maji aliandika nani? Anieleze tu alikusudia nini. Nikianza kubaatisha peke yangu, sikukuu itatupita."

Mzee Shekuwe, mkongwe wao, akashikwa na kikohozi cha ghafla. Mwingine akaanza kuhesabu dari. Mwatime mwenyewe akawa anatafuta kitu chini, na chini hapakuwa na kitu.

Badi akafuata macho yao. Wote, kwa wizi wizi, walikuwa wakitazama mlangoni. Kwa punda.

Hapo ndipo akili ilipomwingia Badi, tena iliingia kwa miguu yote miwili. Kumbe miaka yote aliyosimama juu ya kiti akapiga kelele, hakuua mdudu hata mmoja. Alikuwa anawafundisha watu kuficha wadudu! Akaiona sikukuu inazama, na majembe yanakuja, na sababu ni mdomo wake.

Akavuta pumzi. Akatoka mlangoni, akafungua kamba, akampanda punda, uso umeelekea mkia.

"Kaka Badi!" Mwatime akapiga kelele. "Umeingiwa na nini?"

"Mimi ndiye!" Badi akapaza sauti mpaka barabarani. "Kengele niliinyamazisha mimi! Niliandika asubui, badala ya asubu... asubuu... ile yenye e! Nishikieni kamba, nimeapa!"

Wakamshikia. Wee! Mji ulijaa barabarani. Watoto walikimbia mbele, ambayo kwake Badi ilikuwa nyuma. Akina mama waliangusha vibuyu kwa kucheka. Mwoka mofa mmoja, unga mpaka kwenye kope, akamwuliza, "Fundi, unakwenda au unarudi?"

"Nakwenda nilikotoka, bwana! Njia naijua, nimeshaiona yote!"

Na ajabu ni kwamba Badi naye alikuwa anacheka. Mwanzo alicheka kwa aibu, baadaye kwa punda, mwisho akacheka kwa raha tu, kwa sababu aliona kumbe aibu ni kama maji ya baridi asubuhi: kinachouma ni kopo la kwanza.

Aliporudi, kabla hajashuka, Mzee Shekuwe alikuwa amekwisha mshika punda hatamu.

"Shuka, mwanangu, nipande mimi. Kipande cha maji ni changu."

"Mzee wetu! Ilikuwaje?"

"Niliandika: funga maji, *subiri kidogo*, fungua. Nikaenda kuswali, nikasahau kuuambia mtambo hiyo kidogo ni kiasi gani."

Mafundi wakashika mbavu. Mnajua wenyewe kidogo ya Waswahili! Mtu akikwambia nisubiri kidogo, tafuta mkeka. Mtambo wa watu ulikuwa unasubiri kwa adabu zote, na ungesubiri mpaka kiama.

"Mimi pia ninalo," Mwatime akasema, mtandio ameuvutia usoni. "Mnajua taa za sokoni zinavyokwama? Ni mimi. Kuna vipande viwili vinapita mlango mmoja. Nikavifunza heshima: ukimkuta mwenzako mlangoni, mwambie atangulie. Basi vikikutana, huyu anasema tangulia wewe, yule anasema aa, haiwezekani, tangulia wewe. Taa zinakaa gizani, wao wanaombana radhi!"

Kila mmoja sasa akawa na lake. Walisukumana mlangoni kama wanaogombea pilau. "Langu hili!" "Bado langu ni baya zaidi!" "Wewe lako ni dogo, sogea!" Kila aliyesema alionyesha mstari, akaeleza alichokusudia, wakausahihisha pamoja, wakaenda kwa mwingine. Kiini kilitakata siku ile kuliko kilivyowahi kutakata tangu kizaliwe.

Wakati jua linashuka wakasikia mtu anakohoa nyuma yao. Mfalme.

Wakapiga magoti. Mfalme akatazama huku na huku, akashusha sauti.

"Kengele ya kumaliza somo la hisabati... hamjaona kwamba hulia mapema?"

"Tumeona, Mfalme. Tangu enzi za marehemu baba yako. Tukadhani ni sheria."

"Si sheria. Nilikuwa mwanafunzi, nikaingia humu kwa dirisha. Somo lile lilinishinda." Akakuna ndevu. "Ndiyo maana hapa Tunduwi hakuna anayejua kugawanya."

Badi akashindwa kujizuia, akapasuka kicheko, na Mfalme akapasuka, na nyumba nzima ikatikisika mpaka njiwa wakahama paa.

Alfajiri ya sikukuu kengele ililia. Maji yakafungwa, yakasubiri kidogo, kidogo yenye kipimo, yakafunguka. Tanuri zikawaka, na harufu ya mofa ikaenda kuwalaki wageni njiani kabla hawajauona mji. Mtambo ukabaki, majembe yakabaki kwa wenyewe.

Tangu hapo mafundi wa Tunduwi walijitungia desturi. Fundi akigundua kosa lake mwenyewe husimama akasema, "Hili langu!" na wenzake humpigia vigelegele kama wanavyompigia mzazi. Mgeni mmoja alipita njiani, akazisikia shangwe kutoka nyumba ya mtambo, akasimama dirishani akauliza kwa furaha:

"Jamani hongereni! Amezaliwa nani?"

"Ajazaliwa mtu!" Badi akamjibu. "Kafa mdudu!"

Funzo: Ukimcheka mwenye kosa, umemfundisha kulificha; ukianza kulicheka la kwako, kila mtu ataleta la kwake, na nyumba itatakata.