Blanketi la Naufali Lilipotiwa Majini

"Bibi, mimi sikumshika mtu mkono. Kasoma mwenyewe, kapenda mwenyewe, kanunua mwenyewe. Kosa langu liko wapi?"

Ndivyo alivyoniambia Rukia asubuhi hii, simu mkononi, chai hata hajaigusa. Wifi yake Sauda kapaka yale mafuta ambayo Rukia anayatangaza humo kwenye simu, uso umemvimba, sasa hawasalimiani, na kesi kama kawaida imeletwa mlangoni kwangu. Nimechoka, mwanangu. Nyumba hii ikigombana, hata kuku wanaletwa kwangu watoe ushahidi.  Nikaanza kumhadithia habari za Mzee Hanzala, naye akaondoka katikati. Kaa wewe uisikie yote.

Wametuhadithia waliotutangulia, Mungu awarehemu, kwamba alikuwako mja mwema akiitwa Hanzala, katika mji wa milimani ambako baridi huingia mpaka kwenye mifupa. Kazi yake ilikuwa kuandika maneno kwenye vitambaa, vikatundikwa milangoni mwa maduka, ili mpita njia asome na moyo umvute aingie. Umri ulikuwa umekwenda. Mgongo umeinama, macho yanatoa machozi yenyewe, na mkewe, Bibi Lubaba, alikuwa na kikohozi kilichomrudia kila kipupwe. Mkaa nyumbani ulikuwa umebaki vumbi.

Siku hiyo akaja Naufali, muuza mablanketi.

"Mzee wangu, watu wanapita tu. Na kitambaa nimeandika vizuri! Naufali bingwa wa mablanketi, baba yake bingwa, na babu yake bingwa."

Hanzala akamtazama. "Babu yako atamfunika nani, mwanangu?"

"Haya, niandikie wewe. Ukinijazia duka, mkaa wa kipupwe kizima ni wako. Na blanketi hili mpelekee mama, liwe kishika uchumba."

Lilikuwa blanketi nene, zito, mtu ukilibeba unaliona limekushinda. Hanzala akalipokea, akamshukuru Mola wake, akalipeleka kwa Bibi Lubaba. Kisha, kwa kuwa hakuwa na desturi ya kuandika kabla ya kusikiliza, akaenda kukaa penye kinu cha unga, wanawake wanapongojea zamu zao. Akaegemea ukuta, tasbihi mkononi, akatega sikio.

Hakuna aliyezungumzia blanketi. Mmoja alisema mwanawe anapiga mateke usiku, akiachwa wazi kidogo tu kifua kinambana. Mwingine alisema mama mkwe wake halali kwa magoti, na yeye halali kwa mama mkwe. Bibi Shifaa, aliyekuwa na mdomo mwepesi, akamgeukia.

"Mzee Hanzala, unga wako uko wapi? Au umekuja kutuchukulia umbea wetu bure?"

"Nimekuja kusikia mnachokikosa, binti yangu."

"Usingizi! Haya, kaandike. Tunakosa usingizi."

Wakacheka wote, kicheko cha watu waliochoka. Naye Hanzala aliyekuwa amechoka kuliko wao akaelewa kila kitu. Akarudi kwa Naufali, akaandika: *Mama unayeamka kila mara kumfunika mwanao, leo lala.*

Basi. Hakutaja bingwa wala babu. Kitambaa kikatundikwa, na aliyejua kusoma akamsomea asiyejua. Wengine walisimama pale wakajifuta macho. Naufali akashika kichwa kwa furaha, akakimbilia ndani kuteremsha mablanketi.

Hanzala akaenda nyumbani kumpa mkewe habari ya mkaa. Akamkuta uani, mikono imemvimba kwa baridi. Bibi Lubaba alikuwa mtu wa tahadhari katika ibada yake, kitu kipya hakikumgusa mwilini mpaka akifue kwa mkono wake. Na hilo blanketi amelifua. Liko kwenye kamba, linapepea kama chandarua, na mti wa jirani unaonekana upande wa pili.

"Lubaba, umelifanya nini?"

"Nimelitia maji tu, baba. Ule uzito wote ulikuwa wanga. Tazama beseni."

Beseni lilikuwa jeupe kama uji. Bibi Lubaba akakohoa, akashika ukuta.

Hanzala akalitoa blanketi kwenye kamba, likichuruzika vile vile, akarudi sokoni. Wanawake wa kinuni walikuwa wamejaa mlangoni. Naufali akamvuta pembeni.

"Mzee, likunje hilo. Mimi nimesema blanketi. Si blanketi hilo? Mkaa uko nyuma ya duka, mwite mchukuzi."

Hanzala akasimama. Alikisikia kile kikohozi hata pale sokoni. Akafikiri: mkaa ni huu, baridi ndiyo hii, na maneno nimekwisha kuyaandika, yamekwisha kusomwa. Kisha akamwona Bibi Shifaa amelikumbatia blanketi kama aliyempata nduguye aliyepotea. Akamwomba Mola wake msamaha, akalikunjua lile lililolowa mbele yao.

"Mama zangu, maneno yale ni yangu, na niliyatoa vinywani mwenu. Hili limefuliwa mara moja tu. Usingizi niliowaahidi haumo humu. Nisameheni."

 Bibi Shifaa akalirudisha lake juu ya meza, taratibu, na wenzake wakafuata.

"Umeniua, mzee," akasema Naufali.

Nyumbani Bibi Lubaba akauliza, "Mkaa je?"

"Haukuwa wetu."

Bibi akamnyooshea mkono. "Basi sogea karibu."

Kipupwe kile kilikuwa kirefu, na walikipita kwa subira, wamejifunika magunia. Bibi Shifaa aliwaletea zulia la manyoya ya mbuzi. "Linanuka beberu," akasema, "lakini lina joto. Mkichoka harufu, geukeni upande."

Mwaka uliofuata Naufali akaja tena, uso chini, blanketi la sufu begani. Akampa Bibi Lubaba. Bibi akalitia majini, akalikamua, na maji yakatoka safi.

"Sasa niandikie maneno mapya, mzee wangu."

"Mapya ya nini?" akasema Hanzala. "Maneno ni yale yale. Tulichokosa ni blanketi."

Ndiyo hivyo, mwanangu. Mtu akikueleza panapomuuma, amekupa amana. Huwezi kuipokea kwa mkono huu, halafu kwa mkono huu ukamuuzia wanga. Rukia anajua kusikiliza watu, hilo simnyimi. Alijua Sauda analilia nini kila akijitazama kwenye kioo.

Sasa wewe ndiye unayepita kwao. Mimi miguu hainichukui tena. Rukia aliondoka pale Naufali anaposhika kichwa kwa furaha, na anadhani mambo yaliishia hapo. Mfikishie yaliyobaki.