Mizani ya Kupimia Walimu

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na mji wao na shule yao, Meya wa mji alikuwa Kiboko. Msicheke, walimchagua wenyewe.

Siku moja Kiboko akatangaza kwamba shule sasa iko chini yake, na zile barua za ajira ya kudumu hazina kazi tena. Kila mwalimu atapimwa. Atakayeshindwa, aende zake.

Mwalimu Nguchiro, aliyefundisha darasa la kwanza miaka ishirini, hakutetereka. Akaandaa chaki, madaftari na somo lake tamu kuliko yote.

Asubuhi alipofika uwanjani, loo! Akaduwaa. Palikuwa na mizani ya sokoni, ile ya sahani mbili, na sahani moja imelaliwa na jiwe kubwa. Kumbe Meya aliposema kupima, alimaanisha kilo!

"Mwalimu mzito ataliinua jiwe," Kiboko akasema. "Mwepesi hatufai."

Mwalimu Kanga akapanda, jiwe halikushtuka. Mwalimu Digidigi naye, wapi! Wakaambiwa wakabidhi funguo za madarasa. Kisha akaja Nyati, shemeji yake Meya, asiyejua a wala be. Akapanda, puu! Jiwe likaruka. Akaajiriwa papo hapo.

Zamu ya Nguchiro ikafika. Miaka ishirini, halafu afukuzwe kwa wembamba wake! Hapana. Akasogea, akainama kwa adabu.

"Mheshimiwa, nipande mikono mitupu au na mzigo wangu wa kazi?"

Kiboko akautazama mkoba wa chaki, akacheka mpaka tumbo likatikisika. "Panda nao wote, Mwalimu. Ongeza na dasta!"

Umati mzima ukasikia. Nguchiro akapanda, akapiga makofi, pa! pa! pa! vile aitavyo darasa.

Weee! Wakaja mbio watoto wa nyumbu, wa pundamilia, wa tembo. Kiboko akafoka kwamba hao si mzigo.

"Ndio mzigo wangu wa kazi, Mheshimiwa. Sina mwingine."

Na aliyetangulia kukaa kwenye sahani alikuwa binti wa Kiboko mwenyewe. Baba mtu akamwamuru ashuke.

"Sishuki, Baba. Mwalimu akifukuzwa, wengine watajifunza kwa nani? Mimi nisingejua kusoma, barua zako ungesomewa na nani?"

Kumbe Meya hajui kusoma! Hata Nyati alishika kichwa. Kiboko alibaki mdomo wazi, na kwa mdomo ule, wanangu, ni kazi kuuficha.

Wakati bado ameduwaa, mtoto wa tembo akakanyaga sahani. Kraa! Jiwe likapaa, mizani ikavunjika vipande vipande.

Kwa aibu Meya akaifuta amri yake, Kanga na Digidigi wakarudishiwa funguo zao. Nyati akapelekwa darasa la kwanza kwa Nguchiro, akabanwa kwenye dawati la mbele, akaambiwa aanze na a.

Mwalimu hapimwi kwa uzito wake, hupimwa kwa aliowabeba.